Salhiya Alipomwacha Mshirika Wake

Kila alasiri, akitoka chuo cha Kurani, Salhiya alimwamkia shangazi yake, akavua viatu, akapanda ghorofani na kishikwambi chake. Ndivyo siku zake zilivyokwenda tangu mama yake alipopata kazi ya udobi katika hoteli moja ya Kendwa. Mama alirudi mara mbili tu kwa mwezi. Shangazi Ummkulthum alikuwa mwema, lakini alishinda jikoni na mikate ya kumimina ya wateja wake. Nyumba ile ya Mkunazini, yenye kuta nene na vyumba vitupu, ilikuwa kimya mno kwa mtoto wa miaka kumi na miwili.

Aliyekivunja kimya hicho ni Nadra wa nyumba ya pili. Wazee wao walitumia mtandao mmoja, na wasichana hao wakicheza mchezo wa Falme za Kale, kila mmoja kwao, huku wakisemezana dirishani. Salhiya alikuwa malkia wa milimani, Nadra malkia wa pwani.

Katika mchezo huo mtawala asiye na mshirika hadumu. Basi Salhiya alimwoza mwanawe kwa binti wa Nadra, wakatia muhuri mkataba: mmoja akivamiwa, mwenzake atamjia na jeshi. Anayeitwa hupewa robo saa ya kujibu. Akikataa, hutangazwa msaliti kwa watawala wote.

"Sasa mie nawe wakwe!" Nadra alicheka. Tangu hapo wakaitana "mkwe" hata skuli.

Jumatano moja Anwar, mwanafunzi mwenzao mwenye jeshi kubwa kuliko wote, aliizingira ngome ya Nadra. Wito ukamfikia Salhiya. Aliwatazama wapanda farasi wake mia tisa, aliowakusanya kwa wiki tatu. Akienda, nusu yao watakufa. Akikataa, atatangazwa. Akazima mtandao kwenye kishikwambi chake, mchezo ukahesabu kwamba hayupo.

"Salhiya!" sauti ya Nadra iliingia dirishani. "Mkwe, njoo! Nnavamiwa!"

Salhiya hakuitika. Alikaa sakafuni chini ya dirisha, amekumbatia magoti, mpaka sauti ikanyamaza.

Asubuhi yake, skuli, alimuwahi Nadra. "Jana mtandao ulikatika, mkwe."

Nadra alimtazama. "Mtandao wetu ni mmoja, Salhiya. Kwetu haukukatika." Akachukua mkoba wake, akahamia dawati jingine.

Siku nne zikapita. Dirisha la Nadra halikufunguliwa. Salhiya alituma wajumbe kwa watawala wengine kutafuta mshirika mpya, wala hakuna aliyekubali. Hata Anwar alimwambia, "Mie sikutaki. Mwenzako kaanguka, na farasi wako wamenona." Wapanda farasi mia tisa walisimama uwandani wazima, na Salhiya hakuwa na wa kuzungumza naye.

Jioni ya siku ya nne shangazi aliona hajagusa chakula.

"Nshakula, shangazi."

"Umekula nini, na sahani yako hii hapa imejaa?"

Salhiya akaangua kilio, akaeleza yote. Shangazi alimsikiliza, unga ungali mikononi.

"Alipokuita, ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Basi nenda kamwambie hivyo hivyo. Usiongeze, usipunguze."

Salhiya alipiga hodi mlango wa pili. Nadra mwenyewe akafungua.

"Mtandao haukukatika," Salhiya alisema. "Niliuzima. Nilikusikia ukiniita, nikajificha. Niliwaonea uchungu farasi wangu."

Nadra aliuegemea mlango. "Ngome si kitu, ngome hujengwa tena. Mie nilidhani umeanguka, au umeugua. Niliita mpaka mama akanigombeza."

"Nisamehe, Nadra."

"Mkataba sitii muhuri tena, si leo." Kisha akasogea kando ya mlango. "Lakini ingia."

Salhiya alipeleka jeshi lake lote pwani, bila mkataba wala muhuri. Siku tatu walipigana pamoja, na farasi mia sita walikufa kabla ngome haijarudi mikononi mwa Nadra. Alipoiona bendera yake juu ya mnara, Nadra alipiga kelele, "Mkwe! Tumeichukua!" Salhiya alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile.

Shangazi aliwaletea vipande vya mkate, akaketi nao.

"Kuogopa si dhambi," alimwambia Salhiya. "Ungesema 'naogopa', mwenzako angejua la kufanya. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na mwishoni mwake mtu hujikuta peke yake. Mwambie kweli anayekutegemea, hata kama kweli hiyo inakuaibisha."

"Naam, shangazi."

Ijumaa mama alipiga simu kutoka Kendwa. "Habari za huko, mwanangu?"

Siku zote Salhiya alijibu "nzuri". Safari hii alivuta pumzi kwanza.

"Huku nna upweke, mama. Nimekukumbuka."

"Na mie vivyo hivyo, mwanangu," mama akasema. "Sikujua kama na wewe unaona hivyo. Haya, nieleze yote, nnakusikiliza."