Mzigo wa Mama Mkwe Nilioupeleka Helsinki

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mama wa mabinti wawili, naishi Laurel hapa Maryland, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Nasema mapema ili tuelewane: sikuja hapa kuomba huruma. Huruma nimeshapewa nyingi, na karibu yote ilikuja na ushauri wa kipuuzi. Nimekuja kusema yaliyonikuta kwa sababu kuna watu huku wanayasimulia wanavyotaka wao, na mimi mdomo ninao.

Eti safari ndiyo iliyovunja ndoa yangu. Safari ya kupumzika, ya siku chache tu! Jamani...

Tangu nije Marekani sikuwahi kwenda popote kupumzika. Kwenda nyumbani Tanzania siyo kupumzika, mnalijua hilo. Unakwenda na masanduku ya watu, unazungushwa misiba na harusi, unarudi umechoka kuliko ulivyoondoka. Na huku kwetu ukisema unasafiri, swali la kwanza ni nani kafariki. Mtu mzima kukata tiketi akaangalie bahari tu? Utaambiwa umechanganyikiwa.

Wazo nililipata kwa Bibi Aili, mzee ninayemhudumia kule Silver Spring. Alizaliwa Helsinki, akaja huku akiwa msichana. Kila nikimwogesha ananisimulia jinsi walivyokuwa wanakaa kwenye chumba cha mvuke wa moto mpaka jasho linawatiririka, halafu wanatoka mbio kujitosa kwenye bahari ya baridi. Nilikuwa nacheka, namwambia hao wendawazimu. Ananijibu kwamba siku nikijaribu nitaacha kulalamika mgongo.

Basi siku moja nikaona tiketi ya bei ya kutupa, nikanunua. Sikumuuliza mtu.

Mume wangu nitamwita Godi, jina lake halisi abaki nalo mwenyewe. Ni mtu wa kompyuta, mpole mbele za watu, kanisani wanampigia mfano. Nilipomwambia nakwenda Helsinki alishusha kijiko. Akaanza: kule baridi, kule watu hawasalimiani, kule utafanya nini peke yako. Kesho yake akaja na wazo la Florida, na atalipa yeye. Godi, ambaye hata pizza tunachangia! Mwenzenu nikaona raha. Nikasema moyoni, kumbe mwanaume ananipenda hivi, anaogopa nitashikwa na mafua.

Mama mkwe alikuwa kwetu miezi ile, amekuja kutoka Marangu kutusaidia watoto. Nampenda mama yule. Angalieni, nimesema nampenda, sikusema nilimpenda, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alinifundisha kupika machalari, zile ndizi na nyama za Kichaga, aliniuguza nilipojifungua Ruthu, aliniita mwanangu na nikaamini.

Ana kazi moja ya mikono asiyoiacha: anafuma sweta za watoto wachanga, za kahawia na nyeupe, zenye kofia ya masikio mawili yaliyosimama. Kila mjukuu wake anafumiwa moja. Naomi wangu alivaa, Ruthu wangu alivaa. Kuna Mkenya mmoja ninayefanya naye kazi aliliona la Ruthu akaomba afumiwe, alipe chochote. Mama akakataa kabisa. Alisema zile ni za wajukuu wake, haziuzwi wala hazigawiwi.

Sasa mwezi ule alikuwa amekaa dirishani anafuma. Nikamuuliza hili ni la nani. Akanijibu bila kunitazama kuwa ni la Aminieli.

Aminieli ni jina la baba mkwe, marehemu. Kwao mtoto wa kwanza wa kiume lazima apewe jina la babu, na mimi nilizaa mabinti, nikafunga uzazi kwa ushauri wa daktari. Jina likabaki linasubiri. Nikajua ananipiga kijembe, kama kawaida ya wakwe. Nikaenda kufua.

Siku ya kuondoka akaniletea kifurushi kimezungushiwa utepe wa gundi kila upande. Akasema ni unga wa ulezi na khanga, ni vya binti wa rafiki yake wa Marangu, amejifungua kule Helsinki na hana mtu wa kumkorogea uji. Nani angekataa? Sisi tukisikia mtu anasafiri, begi lake ni la wote. Akanipa namba ya simu ya binti nimjulishe nikifika, akasisitiza nikiache tu mapokezi hotelini, atapitia. Nisijisumbue kuonana naye, mzazi ana mambo mengi. Na Godi nisimchoshe na habari hizo, ana mawazo ya kazi.

Uwanja wa ndege waliniuliza kama begi nimelipanga mwenyewe. Nikasema ndiyo, bila hata kupepesa macho.

Helsinki, wasomaji wangu, ni pazuri! Mwezi wa tano, baridi ipo lakini jua halitaki kwenda kulala. Treni ndogo zinapita katikati ya barabara, taratibu. Pale bandarini nilikunywa supu ya samaki ya maziwa, na maandazi yao yana hiliki, harufu ileile ya jikoni kwa mama yangu Morogoro. Nilikaa kwenye benchi peke yangu nikala mawili, hakuna aliyeniita mama, dada wala nesi. Nilitoa machozi kwa raha. Kama ningejua yaliyokuwa ndani ya begi...

Siku ya pili nikapiga namba niliyopewa. Hapa ndipo mama mkwe alipokosea hesabu. Kifurushi ningeweza kukiacha mapokezi, ndiyo. Lakini nimelelewa, siwezi kumwachia mzazi uji wake kaunta kama barua. Na yule binti naye kalelewa. Aliposikia sauti ya Kiswahili akasema haiwezekani nifike mji ule niondoke bila kula ugali kwake. Nilibisha kidogo kwa adabu, naye akang'ang'ania kwa adabu, tukakubaliana mchana.

Nitamwita Doreen. Anakaa mashariki ya jiji, ghorofani, nyumba safi inanukia mafuta ya mtoto. Msichana mdogo, wa kama miaka ishirini na sita hivi, amenyoa nywele, anacheka na macho. Alinipokea begi, akanivua koti, akaniita dada kila baada ya neno. Alikuwa ameambiwa anayeleta mzigo ni jirani wa kanisani, basi. Akanipakulia ugali na samaki, akaniletea mtoto nimpakate, yeye akakaa chini kukata gundi ya kifurushi.

Unga ukatoka. Khanga zikatoka. Halafu likatoka sweta la kahawia na nyeupe, lenye masikio mawili.

Nilitabasamu, naapa. Nilidhani mama ameamua mara moja maishani kufumia mtoto wa mtu. Nikamwambia Doreen ana bahati, maana mama yule hafumii asiye wa damu yake. Doreen naye akacheka, akamvisha mtoto sweta palepale mapajani mwangu, akasema si ndiyo damu yake.

Nikamuuliza mtoto anaitwa nani.

"Aminieli," akasema. "Baba yake ndiye aliyechagua. Jina la babu yake."

Mnajua ule ukimya unaoingia masikioni mtu akikupiga kofi? Nilimwangalia yule mtoto mikononi mwangu. Paji la uso lilikuwa la Naomi. Lilelile, limebonyea kidogo kushoto.

Nikauliza baba yake yuko wapi, ingawa nilishajua. Akafuta mikono, akachukua simu anionyeshe. Godi amekaa kwenye kochi lile lile nililokalia mimi, amembeba mtoto mchanga, amevaa lile koti la kijani nililomnunulia Krismasi. Wiki ile aliniambia yuko Teksasi kwa mafunzo ya kazi. Nilimfungashia na chapati!

"Dada, unamfahamu?" Doreen akaniuliza.

"Namfahamu. Nimezaa naye mabinti wawili, na asubuhi aliyoondoka kuja kwako nilimpigia pasi shati."

Hakupiga kelele, na mimi sikupiga. Alikaa palepale chini na mkasi wake. Aliambiwa kwamba tuliachana zamani, kwamba mimi nilirudi Tanzania, kwamba mabinti anawalea mama wa Godi. Walikutana Doreen alipokuwa anasoma hapa Maryland. Alipopata mimba, Godi akamshauri ahamie Helsinki aliko dada wa Doreen, ati huko wanajali wazazi. Doreen alilia mpaka mtoto naye akaanza, ikabidi mimi ndiye nimbembeleze. Mimi! Nilimweka begani nikamwimbia ule wimbo niliowaimbia wanangu, kwa sababu sikuujua mwingine.

Na nikala ule ugali. Watu wakifika hapa wananishangaa. Mlitaka niumwage? Samaki yule alikuwa hajamkosea mtu. Nilikula, nikashukuru, nikamwachia Doreen namba yangu, nikaondoka.

Nilikaa kwenye kituo cha treni, zikapita kadhaa, nikalia kilio kibaya, cha makamasi. Sikumlilia Godi. Namlilia nini Godi? Nilimlilia yule mama aliyekaa dirishani kwangu, anakula chakula changu, anafuma sweta la mtoto wa mume wangu, halafu akanibebesha mimi nilipeleke!

Nikampigia Godi simu? La. Nilimwandikia meseji moja: "Aminieli ni mzuri, anafanana na Naomi." Nikazima simu.

Hapo kila mtu mwenye akili angebadilisha tiketi akarudi. Nilifikiria. Halafu nikajiuliza, narudi kufanya nini? Hii ni likizo yangu ya kwanza, na yeye anataka kuniibia na hiyo?

Kesho yake nikaenda kwenye chumba cha mvuke, kilichojengwa kando ya bahari. Ndani kulikuwa na wanawake wa kila umri, matumbo yameshuka, makovu ya upasuaji kama langu, na hakuna aliyejificha. Tukakaa kimya kwenye joto. Bibi mmoja akanionyesha kwa kidole ngazi za kuteremkia majini. Nikateremka. Wee! Maji yalinikamata kifua nikasahau hata jina langu. Nilipiga yowe ambalo sikulipiga kwa Doreen, yowe la siku zote zile, na wale wanawake wakanipigia makofi. Nikatoka, nikarudi kwenye joto, nikateremka tena. Mgongo kweli uliacha kuuma.

Nilipotua huku, Godi alikuwa amesimama uwanja wa ndege na maua. Nilimpita nikapanda teksi. Alinifuata kwa gari mpaka nyumbani, akapiga magoti sebuleni mbele ya mabinti, akaomba msamaha kwa Kiswahili kizuri. Naomi alimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao, kwamba ainuke anawatia aibu.

Mama mkwe alikuwa jikoni. Nilimkuta amesimama, mikono imekumbatia kitambaa cha vyombo. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, njia nzima nimeyapanga. Yeye hakuomba msamaha. Aliniangalia macho yamejaa maji, akauliza kwa sauti ndogo:

"Limemtosha?"

Nikamwambia limemtosha, Mama, mikono tu ndiyo mirefu kidogo. Akageuka akaendelea kufuta vyombo. Sijui mpaka leo kama pale nilitakiwa kumpiga au kumkumbatia.

Baadaye wakubwa wa jumuiya wakaniitia kikao, nyumbani kwa mmoja wao Hyattsville. Waliniambia wanaume ndivyo walivyo. Waliniambia mtoto wa kiume ni baraka ya ukoo. Mama mmoja aliyenisimamia kwenye ndoa yangu akasema kosa kubwa ni langu, mwanamke gani anaacha mume anakwenda Ulaya kuogelea? Ningekaa nyumbani nisingeyajua.

"Kweli kabisa, mama," nikamjibu. "Nisingeyajua."

Nikachukua pochi yangu nikaondoka, biriani nikaliacha linapakuliwa. Hicho ndicho chakula nilichokiacha, siyo ugali wa Doreen.

Talaka nilikwenda kuidai mahakamani Upper Marlboro, na mwanasheria na viatu vipya. Leo naishi na wanangu palepale Laurel, Godi amepanga chumba kwa watu. Doreen naye alimfungia mlango, akarudi shule. Na Bibi Aili, niliporudi kazini, ndiye mtu pekee aliyeniuliza swali la maana: uliingia majini? Nilipomwambia mara mbili, alicheka mpaka nikamshika asianguke.

Dada zangu, wasomaji wenzangu, nawasihi. Msibebe mzigo uliofungwa na mtu mwingine, hata akiwa ni mama, hata akiwa anawaita mwanangu. Fungueni mbele yake. Mume akianza ghafla kulipia Florida, muulizeni kwa nini. Na mkikutwa na balaa mkiwa mapumzikoni, msikimbilie kurudi kuomboleza nyumbani kwa aliyewaumiza. Maji yapo, ingieni! Wala msikubali kuambiwa safari ndiyo iliyovunja nyumba. Nyumba yangu ilivunjwa na aliyesafiri kabla yangu.

Mwaka huu tunakwenda tena Helsinki, mimi na mabinti. Wanataka kumwona mdogo wao, na Doreen ametukaribisha. Wazee wa jumuiya wamekasirika, wakasirike.

Habari zikafika Marangu. Mama mkwe, aliyekuwa amesharudi huko, akanipigia. Alisalimia sana, akauliza wajukuu, akauliza mgongo wangu, akazunguka weee... mwisho akasema Aminieli amekua, lile sweta sasa litakuwa linambana. Amefuma jingine kubwa. Kuna mtu anakuja Marekani mwezi ujao, ampe aniletee?

Nikasikia anapumua, anasubiri.

"Mama, Aminieli nitamsalimia," nikamwambia kwa heshima zote. "Lakini huo mzigo mpe Godi apeleke. Njia anaijua."