Mama Aliapa Anaona

"Mimi naona."

Mama alisema hivyo mahakamani Machakos, mbele ya hakimu, dakika chache tu baada ya kushika Biblia na kuapa.

Nilidhani nimesikia vibaya...

Jamani, Mama yangu haoni! Jicho la kushoto lilikufa kabisa. La kulia lilikuwa limebaki na kamwanga kadogo, ka kujua mlango uko wapi. Asubuhi hiyo mimi ndiye nilimshika mkono kutoka getini mpaka ndani, nikimwambia, "Mwaitu," yaani mama, "hapa kuna ngazi, inua mguu."

Na sasa yuko kizimbani anaapa anaona!

Hakimu aliweka kalamu chini.

"Mama, rudia. Unasema unaona?"

"Naona, mheshimiwa."

"Na kesi hii umeleta, ya kwamba dawa ya kliniki iliharibu macho yako?"

"Naomba iishe. Mimi sina neno na mtu."

Wakili wetu, Mumina, aligeuka akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Mimi nikamgeukia kaka yangu Musili, tulikuwa tumeketi benchi moja. Musili alikuwa anaangalia viatu vyake.

Wakili wa kliniki naye hakulaza damu. Alisimama upesi, akachukua inhela mezani, kile kidude cha kuvuta dawa ya pumu, akaitikisa kidogo.

"Mama, hapa nimeshika nini?"

"Inhela yangu. Ile ya kahawia."

Si aliitikisa! Mtu amevuta kitu miaka saba, atakosa kujua mlio wake? Lakini mimi ni nani hata nipige kelele mahakamani.

Hakimu alimuuliza kama kuna mtu amemtisha, au amempa kitu. Mama akasema hakuna. Kesi ikaondolewa. Tulihangaika na hiyo kesi miaka, ikaisha hata chai ya saa nne haijafika.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, msije mkaniacha njiani.

Sisi ni watu wa Masii. Mama anaitwa Mwongeli, mimi ni Mbithe, na Musili ndiye kaka yangu wa pekee. Baba alikuwa na pumu. Alifia shambani, kwenye mtaro, mchana wa jua kali, Musili akiwa amemshika kichwa akimwambia apumue... Mimi sikuwepo. Musili hajawahi kuisimulia ile siku, na sisi hatujawahi kumuuliza.

Baadaye Mama naye kifua kikaanza kufunga. Tukampeleka kliniki moja ya kibinafsi, jina lake nitalimeza. Daktari akamwandikia inhela yenye nguvu sana, avute asubuhi na jioni. Kila tukirudi, jibu ni moja.

"Endelea tu, Mama."

Ukweli usemwe, kifua kilipona. Mama alirudi shambani, akarudi kwaya. Tulimsifu yule daktari kila mahali. Lakini kwa miaka yote hiyo hakuna mtu pale aliyempima macho. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa ile, ukiitumia kwa kipimo kikubwa miaka mingi bila kuangaliwa, inaweza kukupandishia presha ya macho.

Unajua tuligundua vipi? Mawe kwenye ndengu!

Mama yangu alikuwa hawezi kuacha jiwe kwenye ndengu, hata umpe gunia. Ghafla kila tukila, mtu anauma jiwe. Tukawa tunamtania, "Mwaitu, unataka tununue meno mapya?" Anacheka. Kumbe alikuwa anachagua kwa kubahatisha, na hakutaka kutuambia.

Tukampeleka kwa daktari wa macho, akamwangalia muda mrefu, kisha akauliza anatumia dawa gani. Alipoona ile inhela aliichukua akasoma maandishi yake. Halafu akasema la kushoto mshipa wake umeharibika, tujaribu upasuaji. La kulia bado linaweza kuokolewa, lakini tusikawie.

Tukafanya harambee ya jicho la kushoto. Upasuaji ukafanywa, jicho likakataa. Ukoo ukachoka. Nani atachanga mara ya pili kwa jicho? Ndipo Wakili Mumina akaingia. Babake huuza mbuzi pale soko la Masii, anamjua Mama tangu zamani. Alikubali kutubebea kesi bila kutuomba kitu kwanza.

Kwa hivyo mjue kabisa. Tulitaka fidia ili jicho la kulia likatengenezwe. Tulikuwa tunapigania jicho moja tu la Mama.

Na Mama akalitupa kwa maneno mawili!

Huko nje nililipuka.

"Mwaitu, wamekulipa? Niambie! Wamekulipa?"

"Twende nyumbani, Mbithe."

"Siendi! Unataka kuwa kipofu mzima?"

"Mwana wakwa, usinipigie kelele kwa watu. Twende nyumbani."

Wakati huo wakili wa kliniki alipita, mkoba begani, akamwambia Mumina, "Wakili, umeokoka. Yule mwenye kemisti ya Masii alikuwa shahidi wangu baada ya chakula. Angewamaliza."

Mumina akaniuliza, "Kemisti gani, Mbithe?"

Sikuwa najua. Nikageuka nimuulize Musili. Musili hayuko!

Tulifika nyumbani hatusemezani. Mama akaingia jikoni, akaketi kwenye kigoda chake, akavuta ungo wa mbaazi, akaanza kuzimenya kana kwamba hakuna kitu kimetokea. Nikasimama mlangoni.

"Musili alifanya nini, Mwaitu?"

Akamenya tu.

"Nimeuliza, Musili alifanya nini?"

"Keti."

Nikaketi.

"Dawa ikiisha, Musili ndiye alikuwa ananinunulia pale kemisti. Unakumbuka. Siku moja mwenye hilo duka la dawa akamwambia, huyu mama yako apimwe macho kwanza, hii dawa si ya kuvuta hivi bila kuonwa. Musili akanyamaza. Hakuniambia."

Nikasimama tena.

"Alijua?! Musili alijua?"

"Alijua."

"Na akaendelea kukuletea!"

"Aliogopa nikisikia nitaiacha. Mbithe, ni yeye alishika kichwa ya baba yenu. Wewe hukuona vile mtu anakufa akitafuta pumzi. Yeye aliona. Akasema afadhali macho iende, kifua ibaki."

"Alikuambia lini haya?"

"Jumapili, tukitoka misa. Alilia, Mbithe... mwanaume mzima ako na ndevu, alilia mpaka nikamfunika na leso. Alikuwa amesikia wataleta huyo mtu wa kemisti."

"Sasa si ungesema tu ukweli! Kliniki ndio walikosa! Wao ndio waliandika!"

Mama aliweka mbaazi chini. Akageuza uso upande wangu, ingawa hakunipata sawasawa.

"Wangeniuliza, mama, mtoto wako alijua? Na nimeapa kwa Biblia. Ningesema aje? Ningesema, eee, huyu nilizaa ndiye aliniacha nikapofuka. Niseme hivyo na kinywa yangu, mbele ya watu, na machozi inatoka. Wewe ni Mkamba. Hiyo inaitwa nini?"

Nikatazama maganda ya mbaazi sakafuni.

"Inaitwa nini, Mbithe?"

"Kiumo."

Kwa wasiotujua, kiumo ni laana ya mzazi. Mama akiumizwa, akamtaja mwanawe kwa uchungu na machozi, yale maneno humfuata mtoto popote aendapo. Hatasimama. Atakalogusa litaanguka. Sisi ni Wakatoliki wa kubatizwa na kupewa kipaimara, lakini hiyo hofu hakuna padri amewahi kututoa.

"Hiyo haingekuwa ushahidi," Mama akasema. "Ingekuwa kiumo. Na ningesema tu iishe, wangeuliza kwa nini. Afadhali nidanganye Mungu. Mungu husamehe. Kiumo haisamehi mtu."

"Na jicho, Mwaitu?"

"Nimewaona mkikua. Inatosha."

Nililia hapo jikoni mpaka kwikwi zikanishika. Nilikuwa na hasira na Musili, na hasira na Mama, na hata Baba aliyekufa nilimkasirikia. Sikujua nimshike nani mashati.

Wiki iliyofuata nikaenda ofisini kwa Mumina kumwomba msamaha. Nilimweleza kila kitu, ya kemisti, ya Musili, ya kiumo. Nilidhani atafoka. Aliniangalia tu, macho yakamjaa machozi.

"Mbithe, kwa nini hamkuniambia?"

"Hata mimi sikujua. Na Mama aliogopa ingetumaliza."

"Haingewamaliza."

"Unasema?"

"Haingewamaliza! Ningemweleza hakimu, kijana aliogopa mamake atakufa kama babake. Kliniki ndiyo iliandika dawa miaka saba bila kumwangalia mgonjwa. Korti ingewagawia makosa, wao fungu kubwa, nyinyi kidogo. Fidia ingepungua, basi. Na Mama hangelazimika kumlaani mtu. Kama alikuwa anaogopa kusema, ningemweka Musili aseme mwenyewe."

Nikasogeza kiti karibu na meza yake.

"Musili angesema mwenyewe?"

"Kwa kinywa chake. Mama hangefungua mdomo."

Hebu fikiria... Kukiri kwako mwenyewe si kiumo! Hata sisi kwetu, mtoto akikiri mbele ya watu, mzazi humsamehe hapo hapo na mambo yakaisha. Tulikuwa na mlango wazi, na tukapitia ukutani.

"Turudi basi! Tufungue tena!"

Mumina akatikisa kichwa.

"Mama yako ameapa anaona. Nikirudi niseme haoni, watamuuliza juu ya kiapo cha uongo. Na muda wa kufungua kesi mpya umepita. Pole, dadangu. Pole sana."

Nilienda nyumbani nikiwa nimeamua. Nitawaambia wote wawili, wajue walichofanya! Kwa nini nibebe peke yangu?

Nilipofika, Musili alikuwa amepiga magoti uani, Mama ameketi mbele yake. Mama alikuwa amemfungua vifungo vya shati. Akamtemea mate kidogo kifuani, vile wazee wetu hubariki, akayapaka kwa kiganja.

"Enda vizuri, mwana wakwa. Shamba yako izae. Watoto wako wakuzike. Mimi sina neno na wewe."

Musili alikuwa analia. Sijawahi kumwona mtu akilia bila sauti namna ile.

Mama akanisikia.

"Ni Mbithe? Wakili amesema nini?"

Maneno yote yalikuwa hapa, kooni. Nilimtazama Musili. Nikamtazama Mama, mkono wake bado uko kifuani pa mwanawe.

"Amesema hakukuwa na njia ingine, Mwaitu. Ulifanya vizuri."

Mama akatabasamu. "Si nilijua."

Musili aliuza ng'ombe wake wote, hata yule wa maziwa ya watoto wake, akampeleka Mama kwa daktari wa macho. Daktari alipima, akatoka nje kuzungumza na sisi. Tulikuwa tumechelewa. Kabla ya mvua za vuli, kale kamwanga nako kakazima.

Wapendwa, mimi si wa kuhubiri, lakini shikeni haya. Ukiandikiwa dawa ya kuvuta, usiiache kwa hofu yako mwenyewe, pumu inaua, Baba yangu yuko kaburini. Lakini uliza. Nitaivuta mpaka lini? Mtanipima nini nikiendelea? Ukiambiwa "endelea tu" kila mara, tafuta daktari mwingine. Na ukienda kwa wakili, lile jambo la aibu, lile mnalolifunika kwa sababu mnapendana, ndilo umwambie la kwanza. Sisi hatukukosa haki, tulikosa kusemezana tu.

Majina nimebadilisha. Wa nyumbani wakisoma watajijua, na nawaomba wakae kimya, kwa sababu Mama hajui mpaka leo kwamba njia ilikuwepo.

Juzi nilikuwa namchana nywele. Akaushika mkono wangu wenye kitana, akaniuliza tena kama yule wakili alikuwa na uhakika.

Nikamwambia, "Ndiyo, Mwaitu. Alikuwa na uhakika."