Swichi za Kwenye Stoo

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi umeme, na aliponisimulia hakunitazama usoni. Nyumba ilishika moto wa umeme, na dada yake akaungua hadi kufa mchana kweupe, akigonga mlango uliokwama. Swichi ya kukata umeme, ambayo rafiki yangu mwenyewe aliifunga, haikukata. Baada ya mazishi aliipasua, akakuta ndani hamna springi wala nini, ila kipande cha waya kilichopita moja kwa moja.

Akaenda kwa muuzaji aliyemuuzia swichi hiyo. Yule bwana akacheka. "Fundi, labda mkono wako ndio feki. Njoo stoo uone mali."

Stoo haikuwa na dirisha. Waliporudishia mlango tu, taa ikazimika, na ndani ya maboksi ya swichi kukasikika tak, kama swichi inayokata umeme. Kisha tak, tak, boksi baada ya boksi, sauti ikimsogelea muuzaji.

"Fundi, acha mchezo."

"Mimi niko hapa mlangoni."

"Basi fungua, ndugu yangu. Nakuomba."

Rafiki yangu alikuwa ameshika kitasa. "Dada naye aliomba afunguliwe," akasema, akakikaza zaidi. Alisikiliza zile tak mpaka muuzaji akaanza kulia kwa kwikwi, ndipo akafungua.

Muuzaji alitoka akitambaa, na duka lile hajalifungua tena. Rafiki yangu yeye alirudi ndani na tochi, akachana boksi moja ambalo gundi ya kiwandani ilikuwa haijaguswa. Swichi zote zilikuwa za moto, hazishikiki.