Shati Lililotangulia

Aliyemwambia Wanru kwa mara ya kwanza ni Bibi Lien, mwanamke mzee anayeondoa mapepo katika hekalu dogo nyuma ya soko la mji wa Shetou, na wala hakukusudia kumwambia. Alilipokea shati la buluu la Wanru, akalitandaza magotini ili alifunike juu ya kikombe cha mchele kama inavyofanywa kutafuta kinachomsumbua mwenye nguo, kisha vidole vyake vikasimama kwenye kishikizo cha tatu, kile cheupe kisichofanana na vingine.

"Hili nimeshalishika," alisema.

Wanru alimwambia haiwezekani, ndiyo kwanza anafika hapo. Bibi akasema hapana, si yeye aliyelileta. Alilileta mama yake, siku chache kabla ya harusi ya kaka. Mama wa watu alilia sana siku ile. Alisema binti yake hamezi, chakula kinamkwama kifuani, na akilala maji makali yanampanda hadi mdomoni.

"Kwa hiyo haikusaidia?" Bibi Lien aliuliza kwa huruma. "Pole, mwanangu."

Wanru alikitazama kile kishikizo cheupe. Kabla ya harusi ile yeye alikuwa mzima, anakula tambi za pilipili mpaka jasho linamtoka. Aliyekuwa hamezi siku zile ni kaka yake, Boyan.

Ugonjwa wa Wanru ulianza baada ya harusi. Kwanza kilikuwa kiungulia cha kawaida. Kisha akawa anaamka na sauti iliyokwaruza na ladha chungu nyuma ya ulimi, na baadaye wali ukaanza kukwama katikati ya kifua, ukakaa hapo kama ngumi, na maji aliyokunywa kuusukuma yakarudi juu yakitoka puani. Hospitalini walimwingiza mpira wenye kamera. Daktari alisema asidi ya tumbo inapanda, koo limechubuka na limeanza kubana, akashangaa kidogo kwa umri wake. Alimpa vidonge vya kumeza kabla ya kifungua kinywa, akamkataza kahawa na kulala akiwa ameshiba, akamwambia ainue kichwa kitandani. Wanru alifuata yote, akapata nafuu kidogo, halafu hali ikarudi mbaya kuliko mwanzo.

Kwenye kiwanda cha soksi alikofanya kazi ya kulinganisha jozi, wenzake walimwona akikimbilia chooni kila baada ya chakula, wakawa wanamuuliza lini atawagawia mayai mekundu ya kusherehekea mtoto. "Dada Wanru anatuficha," walisema. "Sisi tunataka kumjua baba tu, hatutamwambia mtu." Alicheka nao, maana kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza kwamba kijana wa miaka yake anaogopa kipande cha yai.

Kilichomleta kwa Bibi Lien hakikuwa maumivu. Kilikuwa kile alichokisikia mchana mmoja kiwandani, wakati wa usingizi mfupi baada ya chakula, taa zikiwa zimezimwa na kila mtu amelaza kichwa juu ya mikono kwenye meza yake. Palikuwa kimya. Kisha mtu akameza. Ilikuwa sauti ya kumeza kwa shida, koo linalojilazimisha, na ilikuwa karibu na sikio lake, na ilikuja pamoja na harufu ya maji ya mchele yaliyochacha. Wanru aliinua kichwa, akaona migongo ya wenzake ikipanda na kushuka kwa pumzi za usingizi, hakuna aliyeamka, hakuna aliyekuwa na chakula, na sauti ikaja tena, sasa ikiwa karibu zaidi, ikamfanya aweke mkono shingoni bila kufikiri, na chini ya vidole vyake alihisi koo lake mwenyewe likipanda na kushuka, likimeza, likimeza tena, ilhali yeye alikuwa ameuma meno na hamezi chochote.

Hayo alimweleza Bibi Lien, pamoja na ya Boyan aliyekuwa hamezi kabla ya harusi yake. Bibi alifunika kikombe kwa shati, akakizungusha juu ya moshi wa udi akitaja jina la Wanru na saa aliyozaliwa, kisha akafunua. Mchele ulikuwa umetitia katikati. Palikuwa na tundu jembamba, kama lililochomwa kwa sindano ya kufumia, likishuka hadi chini kabisa.

Bibi alilitazama kwa muda mrefu. Alipozungumza alishusha sauti, kana kwamba kuna wa tatu anayewasikiliza.

"Ni mwanamke wa kwenu. Alikufa hajaolewa, na alikufa na njaa. Mama yako hakuniambia kweli siku ile. Alikuwa na mgonjwa mwingine, akaniletea shati lako na jina lako. Mimi nikakutaja wewe, na huyu akasikia anaitwa kwako."

Wanru aliuliza kama anaweza kurudishwa alikotoka.

"Ukiniletea shati la kaka yako, ndiyo. Ni kazi ya muda mfupi." Bibi alimrudishia shati lake. "Lakini hataki koo la mtu, mwanangu. Anataka mahali pa kulia chakula. Nyumbani kwenu wanajua ni nani."

Alipofika nyumbani, mama alikuwa jikoni akimpikia uji wa wali. Wanru alisimama mlangoni akiutazama mvuke, ndipo jambo jingine likamjia. Jioni ile ya kwanza alipokabwa mezani, uji mwepesi ulikuwa tayari jikoni, ukimngoja, kabla hajamwambia mtu neno. Siku ile alifikiri, mama ni mama. Alikaribia kulia kwa shukrani.

"Mama," alisema, "nani alikufa humu ndani na njaa?"

Mama alizima moto. Hakugeuka.

"Nani amekuambia?"

"Bibi Lien amelitambua shati langu."

Televisheni ilisikika kutoka sebuleni, ambako Boyan alikaa na mkewe Peifen, mwenye mimba kubwa. Kisha mama akaanza kusema, polepole, akipangusa meza iliyokuwa safi. Suchin alikuwa dada mdogo wa marehemu baba. Alifanya kazi ya kusuka kofia tangu utotoni ili kaka zake wasome. Alipokaribia umri wa kuolewa akaanza kutapika na kusema chakula hakipiti. Nyumba nzima ilisema anajifanya, msichana mbichi vile hawezi kuwa na ugonjwa wa wazee, anakwepa kazi. Mama alikuwa bibi harusi mgeni, na kazi yake ilikuwa kumpelekea Suchin bakuli lake katika chumba cha nyuma. Siku moja mama mkwe alimwambia asipeleke tena, njaa itamfundisha kula. Akaacha kupeleka.

"Alikuwa akiniita kwa jina," mama alisema. "Usiku nilimsikia akimeza mate."

Alipokufa hawakuliweka jina lake kwenye madhabahu ya wazee wa ukoo. Binti asiyeolewa hana nafasi pale, nafasi yake ni kwa mume asiyempata. Hakuna aliyemtolea wali wala udi. Mwaka ambao Boyan alichumbia, mama aliisikia tena ile sauti ya kumeza, mara hii ikitoka kifuani mwa mwanawe.

"Ungempa bakuli," Wanru alisema. "Bakuli moja tu, mama."

"Kwenye madhabahu? Na harusi ikiwa mlangoni, na wajukuu wakitarajiwa? Unajua watu husema nyumba inayomweka binti asiyeolewa pale huandamwa na mkosi."

"Kwa hiyo ukampa mimi."

Mama aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo ndilo lililomuuma Wanru kuliko yote, kwamba machozi aliyamaliza kule hekaluni, akimlilia mtu ambaye alikuwa hajaumwa bado.

"Wewe utaolewa, utatoka humu," mama alisema. "Ukoo wa mumeo utakuwa na wazee wake wa kukulinda. Boyan anabaki hapa. Nilimtazama yeye, nikakutazama wewe, nikafanya nilichoweza."

"Hekalu liko mbali, hukwenda kwa miguu. Nani alikupeleka?"

Mama alitupa jicho kwenye mlango wa sebuleni. Sebuleni, Boyan alikohoa mara moja, kisha akaongeza sauti ya televisheni.

Usiku Wanru alilala ameegemea mito mitatu, karibu ameketi. Hakuwa amekula. Maji machungu yalipanda hata hivyo, na pamoja nayo ikaja ile harufu ya mchele uliochacha. Aliondoka kitandani akaenda uani, ambako nguo za nyumba nzima zilikuwa zimeanikwa. Shati la Boyan lilikuwa la mwisho kwenye kamba. Alilishika. Aliwaza kwamba lingeingia kwenye mkoba bila shida, kwamba hakuna ambaye angemlaumu, kwamba wao walimfanyia vivyo hivyo naye akiwa anafunga pipi za wageni wa harusi, na wakati akiwaza hayo sauti ya kumeza ilikuwa nyuma ya bega lake, taratibu, bila haraka, kama ya mtu aliyezoea kungoja mlango ambao haufunguliwi, na alipoanza kulivuta lile shati sauti ilikatika ghafla, na katika kimya kile Wanru alihisi anatazamwa na mtu wa rika lake, ambaye aliwahi kusimama katika ua huu huu akiwa na njaa, akisubiri kuona huyu naye atafanya nini.

Aliliachia shati.

"Shangazi Suchin," alinong'ona. Hakuna aliyewahi kumfundisha kulitamka jina lile. "Na mimi wamenifanyia."

Kitu baridi kilimgusa kooni, chepesi, kama mkono wa mtu anayepima homa. Kisha kikaondoka.

Asubuhi familia ilikaa mezani kama kawaida, uji katikati, mayai ya chumvi na mboga pembeni. Wanru alileta kiti cha tano akakiweka kati ya mama na Boyan. Akaweka bakuli, akalijaza, akalaza vijiti juu yake. Peifen aliuliza kama kuna mgeni.

"Shangazi Suchin," Wanru alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "njoo ule."

"Nyamaza," mama alinong'ona. "Utamwingiza ndani."

"Yumo ndani, mama. Hajawahi kutoka."

Boyan aliinuka akamshika mkewe mkono, akamtoa nje haraka bila viatu. Hakumtazama dada yake. Mezani walibaki wawili na kile kiti. Wanru alichukua kipande cha yai, kikubwa, akakitafuna, akafumba macho, akameza. Kilishuka. Alikisikia kikipita shingoni, kikipita kifuani, kikifika. Alikula kingine, na kingine, machozi yakimdondokea kwenye bakuli.

Ng'ambo ya meza, mama alikuwa ameweka kijiko chini. Mkono wake ulikuwa kifuani. Koo lake lilipanda na kushuka, likapanda tena, na ile sauti Wanru aliijua.

Mama aliomba maji. Akaomba tena, kwa sauti iliyokwaruza.

Wanru alimaliza uji wake wote, akaosha bakuli lake, akachukua mkoba, akaenda kazini.