Kipimo Ambacho Wakiuru Hakupima

Kila jioni baada ya shule, Wakiuru aliosha masufuria, akachota maji, kisha akamwangalia mdogo wake Mwai wakati Mama akikamua ng'ombe. Nyumba yao ya mbao ilikuwa Chaka, karibu na Nyeri, ambako upepo wa mlimani hauna huruma. Mwezi wa saba, Mwai akiwa na miezi minane tu, alilazwa hospitali wiki nzima kwa homa ya mapafu. Alipotoka, daktari alionya kwamba asipigwe na baridi tena. Lakini baridi ingezuiwaje, na nyufa za kuzunguka dirisha la chumba cha kulala zilipitisha hata kidole?

Baba yao, Gatimu, alifanya kazi hotelini Nanyuki na kurudi Jumamosi. Alitaka kuzifunika nyufa hizo kwa vipande vyembamba vya mbao, vya nusu inchi. Nyundo ilikuwa imempasulia viwili tayari, basi akaamua kununua mashine ya kupigia misumari, ile ya betri, isiyotaka waya wala kompresa ya kusukuma hewa.

Alhamisi simu ililia Wakiuru akiruka kamba na rafiki yake Shiro.

"Maitu," Baba alisema. Alimwita hivyo, yaani mama yangu, kwa sababu Wakiuru alipewa jina la nyanya yake, mama yake Baba. "Niko hapa dukani kwa Dedan. Ule ukuta wa dirisha, ulipima nilivyokuambia?"

Tepu ya kupimia ilikuwa jikoni. Wakiuru hakuwa ameigusa.

"Ndiyo, Baba."

"Inchi ngapi?"

Wakiuru aliutupia ukuta jicho kupitia dirishani. Kwa ndani walikuwa wameubandika katoni, ukaonekana mnene. "Inchi tatu."

Sauti ya Dedan mwenye duka ilisikika kwa nyuma. "Inchi tatu? Hiyo ni nyumba ama ni gereza? Basi beba hii kubwa, mzee. Hii ndogo inapiga msumari wa inchi moja na robo. Kubwa ni inchi mbili na nusu, na ukuta ukiwa mwembamba, msumari wake utatokea upande ule mwingine."

"Umepima kweli, Maitu?"

"Nimepima, Baba."

"Wewe, ruka!" Shiro aliita. "Ama umezeeka kama cucu, nyanya yako?"

Wakiuru alicheka, akaruka, na kamba ikamnasa miguu. Ijumaa alikumbuka ile tepu. Angeweza kupima na kumpigia Baba simu. Lakini aliona haya, akajiambia kwamba pengine ni inchi tatu kweli.

Jumamosi Baba alifika na mashine, furaha imemjaa. Alimpa Wakiuru kipande cha mbao akishike juu kando ya dirisha, kwa nje.

"Mkono uwe mbali," alisema. "Naigandamiza pua yake kwenye mbao, la sivyo hailii. Dedan alitaka kunipa ile ndogo. Bila kipimo chako ningepotea, Maitu."

Wakiuru alikikaza kipande ukutani. Ndani ya chumba, Mwai alikohoa. Kikohozi kidogo, lakini kilisikika karibu sana, kana kwamba mtoto yuko begani mwake. Kitanda kilisukumwa hapo hapo ukutani, na Mama alikuwa amekaa juu yake akimnyonyesha. Ukuta wa inchi tatu ungepitishaje sauti namna hiyo?

Baba aliinua mashine.

"Baba, ngoja!"

"Nini? Kidole?"

"Sikupima."

"Ati nini?"

"Sikupima ukuta. Nilikuwa naruka kamba. Hiyo tatu nilitoa tu kichwani."

Baba hakupiga kelele. Aliichomoa betri, akaiweka mashine chini polepole. Kisha akaita, "Mama Wakiuru! Toka hapo na mtoto. Toka sasa hivi!"

Alileta tepu. Ukuta ulikuwa inchi moja tu.

Mama hakuamini kwamba msumari ungefika ndani. Chumba kikiwa kitupu na mlango umefungwa, Baba akarudisha betri na kupiga msumari mmoja. Paa! Wakaingia ndani wote. Ncha ya msumari ilikuwa imetoboa katoni, inang'aa, juu kidogo ya mto wa Mwai. Mama alimshika mtoto kichwa, akakipapasa chote, mbele na nyuma, mpaka Mwai akaanza kulia.

Jumatatu Dedan alikubali kubadilisha mashine, maana ilikuwa imepiga msumari mmoja tu. Jumamosi iliyofuata Wakiuru alipima ukuta mara mbili, Baba akapima mara ya tatu, na ile mashine ndogo ikamaliza dirisha lote bila kupasua kitu. Usiku huo Mwai alilala bila kukohoa.

Mama hakumchapa Wakiuru. Alimketisha kando ya kitanda.

"Ukiulizwa jambo na hujui, sema hujui," alisema. "Baba yako angengojea hapo dukani dakika mbili tu. Uongo wako ulikuwa mdogo, mtoto wangu. Lakini ulikwenda mpaka Nanyuki, ukachagua mashine, ukarudi nayo mpaka kwenye mto wa mtoto."

Wakiuru aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka.

"Kile kitu kimoja ulichofanya vizuri," Mama aliendelea, "ni kusema kabla msumari haujatoka. Ulichelewa siku mbili, lakini ulisema kabla. Mimi bado naamka usiku nikiwaza kama ungenyamaza. Siku nyingine usiningojeshe. Sema siku ile ile."