Nguzo Iliyosimamishwa Kichwa Chini

Mambo haya niliyasikia kwanza kwa Mak Cik Rokiah, yaani Mama Rokiah, anayewapikia mafundi wa nyumba za kale hapa Melaka. Yeye aliyaona kwa macho yake.

Siku ile alipika jikoni kwa Bibi Selamah, mwenye nyumba waliyokuwa wakiitengeneza. Alipofunua sufuria, wali wa juu ulikuwa umeiva, na wa chini, uliokuwa karibu na moto, ulikuwa mbichi.

"Mak Cik, leo umepika umelala?" mafundi wakamcheka.

"Kuleni. Meno si mnayo?"

Lakini yeye hakucheka. Nyumba ilinuka udongo uliolowa, na harufu ilitoka darini.

Kazi ya nyumba ile ilikuwa ya msanifu majengo Norhayani. Miaka ishirini na minane aliokoa majengo ya mji huu, misikiti, maduka na nyumba za mbao, na sharti lake lilikuwa moja: mti wa zamani hautupwi. Basi alipokuta nguzo mama, ile kuu ya katikati, imeoza chini, hakutaka mpya. Aliamuru palipooza pakatwe, kisha nguzo igeuzwe, upande mzima ndio ukae juu ya jiwe. Kitambaa cha rangi tatu ambacho wazee walikifunga kichwani mwa nguzo ili kuilinda nyumba alikitia mfukoni, akakiandikia namba, akakipeleka ofisini. Fundi mkuu, Pak Deris, yaani Mzee Deris, alikuwa kijijini akiuguza mguu. Angekuwepo angekataa, maana kwetu nguzo husimama kama mti ulivyoota, mizizi chini.

Bibi Selamah alizaliwa katika nyumba hiyo. Mwanawe alitaka kumhamishia kwenye ghorofa, akauze kiwanja. Norhayani alimwahidi, "Bibi, hapa hakuna wa kukutoa."

Kila baada ya sala ya alasiri bibi hujinyoosha kidogo. Siku ya kwanza baada ya nguzo kugeuzwa aliamka miguu iko juu ya mto wa kulalia. Ya pili, miguu imeegemea ukuta. Ya tatu Rokiah alimkuta kiuno kimeinuka kabisa, naye anakoroma.

"Puan, njoo," Rokiah alimnong'oneza Norhayani, akimwita bibi kwa heshima. "Angalia juu."

Kwenye dari, upande wa chini, palikuwa na nyayo za udongo. Zilizunguka ncha ya juu ya nguzo, zikaenda hadi mlangoni, zikarudi, kama za mtu aliyepotelewa na njia.

"Ni mafundi, walizikanyaga mbao kwa miguu michafu."

"Miguu yao inafika darini, Puan?"

Norhayani akaitazama nguzo. Jumamosi wakubwa wa mji walikuwa waje kuifungua nyumba, na ripoti ya kazi alikwisha kuitia sahihi. Kuigusa tena nguzo ilikuwa kukiri kwamba amekosea. Lakini kuiacha?

Alhamisi mvua ikanyesha, na Rokiah, akiwa sebuleni na Norhayani, akasikia hatua nzito zikitembea juu yao, si juu ya paa bali upande huu wa dari, zikipita juu ya vichwa vyao na kuangusha mchanga katika vikombe, zikaingia chumbani kwa bibi, zikasimama, na wao wawili wakakimbia wakafungua mlango, wakamwona Bibi Selamah ananing'inia katikati ya chumba, nyayo zake zimegusa dari, nywele zake nyeupe zinafagia godoro, uso umekuwa mwekundu kwa damu, na hakuna kamba, hakuna mkono, hakuna kitu.

"Msipige kelele," bibi akasema polepole. "Amenishika vizuri. Anadhani huko ndiko chini."

Norhayani akampigia simu Pak Deris. Mzee alifika kwa fimbo, akatazama nguzo, akatazama msanifu.

"Nani kasema mti usimame kichwa chini?"

"Mimi."

"Umesoma sana, mwanangu. Basi jeki utazungusha wewe."

"Jini litatoka?"

"Litoke liende wapi? Lilikuwepo kabla ya babu yake Selamah. Tunalirudisha miguu chini tu."

Rokiah alimshika bibi mabega asidondokee shingo. Norhayani alizungusha jeki mpaka viganja vikachubuka, boriti ikapanda, mafundi wakatoa nguzo na kuigeuza, na kitambaa, kilicholetwa kutoka ofisini, kikarudi kichwani mwake. Pak Deris akasoma dua mdomo ukiwa umegusa mti. Kitu kikateremka ndani ya nguzo, taratibu, kama mtu mzima anayeshuka ngazi gizani. Kilipofika kwenye jiwe, bibi akaanguka mikononi mwa Rokiah, akaomba maji.

Norhayani aliichana ripoti mbele yao. Kisha akakaa sakafuni.

"Pak Deris, si hii peke yake. Nimegeuza nyingine saba."

"Wanaokaa humo wanajua?"

Akatikisa kichwa.

Rokiah alinieleza hayo jana. Sisi tumepanga nyumba ambayo Norhayani aliitengeneza mwaka juzi, na mwanangu ana miezi mitano.

Mimi ni mtu wa haya. Hata dukani namtuma mume wangu. Leo alfajiri nilimfunga mtoto kifuani kwa kitambaa, asubuhi nikaenda ofisini kwa msanifu, nikapita watu wote waliokuwa kwenye foleni, nikasimama mbele ya meza yake.

"Puan," nikasema, "mtoto huyu nimemfunga hivi tangu alfajiri. Nikimlegeza, anapanda darini."