Pamba Iliyobaki Msibani

Pamba ya matawi ya chini ya mti wa Krismasi ilikuwa imelowa, ingawa bati halikuwa linavuja. Hilda aliibonyeza, akanusa vidole. Dawa ya mochwari. Akafuta mkono kwenye kanga, akaendelea kufagia.

Mti huo aliuchagua mwenyewe, katika duka moja la mtaa wa Mfaranyaki, mjini. Palikuwa na mirefu yenye taa za rangi. Yeye alitaka mfupi, wa plastiki lakini wa mtindo wa zamani, wenye matawi machache ya waya na kitako cha mbao.

"Dada, huo umenyonyoka kama kuku mgonjwa," alisema muuzaji. "Chukua ule, unaimba."

"Nataka huu."

Mumewe, Valence, alikuwa akisimulia kila Desemba juu ya mti wa utotoni kijijini kwao Maposeni, uliotandazwa pamba kama theluji. Alifariki Oktoba. Hilda alizika bila kulia, na mti akaupamba hivyo hivyo: nyota ya karatasi, maputo mawili, pamba. Pamba ilikuwamo kabatini, ile iliyobaki walipomwandaa marehemu.

Siku hiyo ya pamba kulowa, binti yake wa miaka sita, Leticia, alianza kuongea kama mwenye mafua. Mchana mvua ilinyesha, mtoto akalala kwenye kochi karibu na mti, na Hilda alipotoka jikoni kuja kumfunika shuka aliona kwamba puani na masikioni mwa mtoto mmejazwa pamba, imebanwa kwa ustadi kama wafanyavyo wanaoandaa maiti, na kifua kilikuwa kinapanda polepole mno, na matawi ya chini yalikuwa waya mtupu, na harufu ile ya dawa ilikuwa imesimama katikati ya sebule kama mgeni ambaye hajapewa kiti.

Akaitoa yote.

"Nani kakuwekea?"

"Baba," Leticia alinong'ona. "Anasema kwake kunanuka. Nikienda, nisisikie."

Hilda alimpigia simu mama mkwe wake, Walburga. Jioni bibi huyo alifika kwa bodaboda kutoka Maposeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pamba hiyo, waliomwosha marehemu walikwambia uifanye nini?"

"Niiweke kaburini."

"Ukaja kupambia nyumba." Bibi aliutazama mti, akashusha sauti. "Huyo siyo Valence, mwanangu. Ni kitu kinachotumia sauti yake. Kesho tunairudisha. Nitasema mimi. Wewe usikiongeleshe hata neno, utakuwa umekikaribisha."

Asubuhi, kaburini Maposeni, Walburga aliifukia pamba yote chini ya msalaba.

"Chukua chako," alisema. "Mtoto ni wetu."

Leticia, aliyekuwa ameshikwa mkono na mama yake, akaanza kuhema kwa mdomo, pumzi fupi fupi, midomo ikigeuka rangi.

"Mama, ananivuta."

"Mwache," Hilda aliliambia kaburi, kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari dukani. "Njoo kwangu mimi."

Walburga alimgeukia ghafla. Leticia akapiga chafya. Akauliza kama nyumbani kwa bibi kuna chai.

Jioni, mjini, mtoto aliingia jikoni akikohoa.

"Mama, maharage yanaungua. Husikii harufu?"

Moshi ulikuwa umejaa mpaka mlangoni. Hilda alikuwa amekaa kando ya jiko muda wote, na hakuwa amesikia harufu yoyote. Akaingiza kidole puani taratibu. Kikagusa kitu laini, kilicholowa. Akakishika, akakivuta, na kutoka ndani kikavutwa upande wa pili.

Akakiachia. Akaenda kufungua dirisha, mtoto asije akaumwa kifua.